Waya nne na mita sita: nilivyokosea kuchagua njia ya kuongea na kisoma kadi

Shangazi yangu ana kisima cha kuchimbwa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Pampu inavuta maji hadi kwenye tangi la lita 5,000 lililopandishwa juu ya nguzo, na chini yake, ukutani, kuna koki ambayo majirani wanajazia ndoo. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Kijana anayekaa pale, ambaye mtaa mzima unamwita Dogo, anapokea sarafu na kuandika kwenye daftari, na kila jioni daftari na tangi havikubaliani. Dogo si mwizi. Chenji hakuna, watu wanakopa, mwingine anaondoka na ndoo tatu na kusema "nitaleta kesho", na hiyo kesho nayo ina kesho yake.

Mimi kazi yangu ni uhasibu. Umeme mdogo mdogo nimejifunzia mezani kwangu, usiku, watoto wakishalala. Kwa hiyo shangazi aliponionyesha lile daftari, nilijibu haraka kuliko nilivyopaswa: "Shangazi, nitakutengenezea koki ya kadi. Mtu anagusisha kadi, maji yanatoka lita 20, yanajifunga, salio linakatwa. Dogo abaki kuuza kadi tu."

Ilinichukua miezi minne kitu ambacho nilimwahidi kwa wiki mbili. Karibu yote ile miezi minne ililiwa na uamuzi mmoja nilioufanya ndani ya dakika kumi: moduli ya kusoma kadi iongee na ubongo wa mashine kwa njia gani.

Nilinunua Kariakoo moduli ya PN532, ile bodi nyekundu ya mraba. Chipu yake ni ya kampuni ya NXP na inasoma kadi za masafa ya megahezi 13.56, zile nyeupe za plastiki ambazo ndani zina antena nyembamba. Pembeni mwa bodi kuna swichi mbili ndogo kama meno ya panya, na zimechapishiwa jedwali lake. Zote mbili zikiwa sifuri, moduli inaongea kwa HSU, ambayo ni UART tu, njia ya kawaida ya vifaa viwili kutumiana data, ila imepewa jina la kujidai. Ya kwanza ikiwa moja na ya pili sifuri, ni I2C. Ya kwanza sifuri na ya pili moja, ni SPI. Yaani moduli moja na lugha tatu, chaguo lako. Mtu anayeanza anaona ni neema. Kwangu ilikuwa mtego, maana nilidhani zote tatu ni sawasawa na tofauti yake ni idadi ya waya.

Basi nikahesabu waya. I2C ni mbili, ya data na ya mapigo, ukiongeza umeme na ardhi (waya wa kurudishia umeme) zinakuwa nne. SPI ni nne, ukiongeza umeme na ardhi zinakuwa sita. UART nayo ni mbili pamoja na umeme, ila bodi niliyoifanya ubongo wa mashine ilikuwa Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kujifunzia, na Uno ina UART moja tu ya kweli, pini 0 na 1, ambayo tayari inatumiwa na waya wa kompyuta. Tena nilikuwa na kiskrini cha mistari miwili ambacho nacho kinatumia I2C, na sifa kubwa ya I2C ni kwamba vifaa vingi vinakaa kwenye waya zile zile mbili, kila kimoja na anwani yake. Kiskrini kina 0x27, kisoma kadi kina 0x24, hawagombani. Nikajiona nina akili. I2C ikapita bila kupingwa.

Mezani ilifanya kazi siku ya kwanza. Waya za jampa za sentimita 20, programu ya mfano kutoka kwenye maktaba (msimbo ambao wengine wameshauandika), nikagusisha kadi, namba ya kadi ikajitokeza kwenye skrini. Mwanangu wa kwanza aligusisha kadi ile mpaka nikamnyang'anya. Nikampigia shangazi usiku ule ule kumwambia Jumamosi naja kufunga.

Hapa ndipo ningependa unisikilize vizuri wewe unayejenga kitu cha kufungwa mahali. Mezani kwangu hapakuwa na ukuta. Kule Chanika kisoma kadi na kiskrini vilitakiwa viwe nje, kando ya koki, na boksi lenye Uno, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na chaja ya volti 12 likae stoo, ndani, lifungwe kwa kufuli. Kati yake ni ukuta wa tofali moja. Nilipoutazama nikasema mita moja na nusu. Lakini shangazi hakutaka ukuta utobolewe, umepakwa rangi juzi tu. Kebo ikapanda juu ya dirisha, ikazunguka mlango, ikashuka. Nilipomaliza kuikata ilikuwa mita sita.

Nilitumia kebo ya mtandao, Cat5, kwa sababu ina waya nane na ni rahisi kupatikana. Na nikafanya kosa ambalo hata sikujua ni kosa: waya wa data na waya wa mapigo niliuweka kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, ya bluu na bluu-nyeupe, ili nisichanganyikiwe rangi.

Nikawasha. Moduli haikupatikana. Nikazima, nikawasha. Ikapatikana. Nikagusisha kadi, ikasoma. Ya pili ikasoma. Ya tatu, kimya, na kiskrini kikaandika herufi ambazo hata Wachina wenyewe wasingezisoma.

Nilichofanya baada ya hapo nakisimulia kwa aibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kushuku programu. Nilibadilisha maktaba mara tatu. Niliongeza kusubiri hapa, nikapunguza pale. Wiki nzima. Kila nikirudi mezani na waya zangu fupi, inafanya kazi. Kila nikienda Chanika, inagoma. Mtu mwingine angeshaelewa kuwa kilichobadilika ni kebo. Mimi nilikuwa nimeshaipenda programu yangu kiasi cha kutaka kuitibu hata kama haiumwi.

Siku nilipoamua kukaa chini na kebo yenyewe, mezani, ndipo mambo yalipofunguka kwa nusu saa. Mita moja: inasoma kila mara. Mita tatu: inasoma mara nyingine, inakosa mara nyingine. Mita sita: bahati nasibu. Jaribio hilo lingenigharimu kipande cha kebo tu, na ningelifanya kabla ya kununua hata skrubu.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na naieleza kama ninavyoielewa. Kwenye I2C, chipu ina uwezo wa kuushusha waya hadi sifuri kwa nguvu, lakini haiupandishi. Anayeupandisha ni rezista iliyounganishwa na umeme, inayouvuta taratibu. Sasa kebo ndefu ni kama bomba tupu: ukifungua maji huku, kule hayatoki mpaka bomba lijae kwanza. Kebo ya Cat5 ina ujazo wa umeme wa takriban pikofaradi 50 kwa kila mita. Mita sita ni kama 300, na kikomo cha I2C kwa waya mzima pamoja na vifaa vyake ni 400. Unaweza kusema basi bado nipo ndani ya mpaka. Lakini kwa mwendo wa kilohezi 100 waya unatakiwa uwe umeshapanda ndani ya mikrosekunde moja, na kwa rezista ya kilo-omu 4.7 iliyokuwepo kwenye kiskrini, hesabu ya haraka haraka inakupa kama 1.2. Nilikuwa nimekosa kwa kiasi kidogo, na kukosa kidogo ni kubaya kuliko kukosa sana, kwa sababu kunakupa matumaini.

Halafu ile jozi iliyosokotwa. Waya mbili zilizosokotana zinanong'onezana. Data ikipanda, waya wa mapigo unashtuka kidogo, na moduli inahesabu pigo ambalo halikupigwa. Kila waya wa mawasiliano ulipaswa usokotane na waya wa ardhi, si na mwenzake.

I2C ilibuniwa na Philips mwaka 1982 ili chipu zilizomo ndani ya kifaa kimoja ziongee, mfano ndani ya televisheni. Sentimita chache. Mimi nilikuwa naizungusha juu ya mlango wa stoo ya shangazi.

Lakini sikuiacha. Hapa ndipo kosa la kwanza lilipozaa la pili. Nilisoma mahali kwamba ukipunguza rezista, waya unapanda haraka. Ni kweli. Nikaongeza ya kilo-omu 3.3 sambamba na ile iliyokuwepo, nikapanga upya jozi za kebo, na ikakubali. Nikajaribu kadi mia moja mfululizo bila kukosa hata moja. Nikaifunga. Na kwa kuwa sasa koki ilikuwa ya kisasa, ile koki ya mkono nikaing'oa, nisiharibu muonekano.

Jumamosi mbili baadaye shangazi alikwenda msibani Kisarawe. Alasiri mama mmoja akagusisha kadi, valvu ya umeme inayofungua maji ikafunguka, ndoo ikaanza kujaa. Wakati huo huo pampu ikawaka. Ndoo ikajaa, ikamwagika, valvu ikabaki wazi. Dogo akanipigia simu, nipo kwenye daladala Gongo la Mboto. Namwambia zima. Anasema azime wapi, boksi lina kufuli na ufunguo uko Kisarawe kwenye mkoba wa shangazi. Namwambia funga kwa mkono. Ananikumbusha, kwa adabu kabisa, nani aliyeing'oa koki ya mkono.

Nilipofika palikuwa kama sherehe. Watu wamejaza ndoo, madumu, masufuria, beseni za kufulia, kuna mtoto alikuwa anaogeshwa pale pale. Tulivunja kufuli. Ilikuwa imepita saa moja na dakika arobaini. Kwa mwendo wa lita kama 15 kwa dakika, ni lita 1,500, ndoo 75, shilingi 3,750. Ukiitazama kama pesa ni ndogo. Lakini mtaa mzima ulijua ni mimi.

Shangazi alirudi jioni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akazunguka tangi, akagonga kwa kidole akisikiliza lilipoishia. Kisha akasema: "Mwanangu, koki yangu ya zamani ilikuwa haijui kusoma, lakini ilikuwa inajua kufunga."

Kilichotokea ni hiki. Pampu ilipowaka ilirusha kelele ya umeme kwenye kebo, mazungumzo ya I2C yakakatika katikati, waya wa data ukabaki umeshikwa chini. Maktaba ya I2C ya Uno, kwa jinsi inavyokuja, husubiri waya uachiwe. Inasubiri bila kuchoka. Na programu yangu yote ilikuwa imesimama nyuma ya mstari huo mmoja, pamoja na sehemu iliyopaswa kuhesabu lita na kufunga valvu. Kwenye matoleo ya miaka hii ya karibuni unaweza kuiwekea muda wa kusubiri, lakini ni mpaka uiamrishe mwenyewe. Kuna pia mlinzi ndani ya chipu ya Uno anayeweza kuiwasha upya programu ikinyamaza kwa sekunde zisizozidi nane. Vyote viwili sikuviweka. Ukitengeneza kitu kinachofungua maji, moto au mlango, viweke hivyo kabla ya kitu kingine chochote, na koki ya mkono usiing'oe. Nilirudisha ya kwangu siku iliyofuata, kabla hata sijafungua kompyuta.

Baada ya hapo nikaichukia I2C, na chuki si mshauri mzuri. Jamaa mmoja tunayejuana kwa mambo haya akaniambia SPI ndiyo ya watu makini: ina kasi na waya zake zinasukumwa juu na chini kwa nguvu, hazisubiri rezista. Yote kweli. Nikageuza swichi, nikaunganisha waya sita kwenye pini 10 hadi 13 za Uno pamoja na umeme. Kwanza haikujibu, kwa sababu nilibadili swichi umeme ukiwa umewaka. Bodi inaangalia swichi inapoamka, kwa hiyo kata umeme kwanza. Kisha ikajibu. Nikawa na furaha ya siku mbili.

Siku ya tatu moduli ilikufa. Haikuonekana kwa SPI, haikuonekana kwa I2C, haikuonekana kwa chochote. Nilipofungua karatasi ya maelezo ya bodi, ambayo nilikuwa nayo kwenye kompyuta tangu mwezi wa kwanza, nikakuta imeandikwa wazi: I2C na UART zinapokea volti 5, SPI ni volti 3.3 tu. Uno inatoa volti 5. Kwenye ile bodi, vibadilisha volti vimewekwa kwenye njia mbili, ya tatu ukaachwa ujitafutie mwenyewe. Siwezi kuapa mahakamani kwamba hicho ndicho kilichoiua, inawezekana ni mkono wangu pia, lakini sijatafuta mshukiwa mwingine. Shilingi 30,000 zikaenda. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu, mke wangu akaniuliza kama nimepokea habari mbaya kutoka nyumbani.

Hata ingepona, SPI isingenifaa. Nilikuwa na mpango wa kuweka kadi ya kumbukumbu ili kuandika mauzo, nayo ni ya SPI, na baadhi ya vile vibodi rahisi vya kadi ya kumbukumbu havitaki kuachia waya wa majibu hata vikiambiwa zamu yao imekwisha. Isitoshe, mita sita za waya zenye mapigo ya haraka namna ile hazina tofauti kubwa na antena. Tena PN532 inatuma biti ndogo kwanza, wakati maktaba nyingi za SPI huanza na biti kubwa; usipobadilisha unapata takataka hata mezani. SPI ni nzuri kwa vitu vinavyokaa bodi moja na vinavyohitaji kumwaga data nyingi, kama skrini ya rangi. Namba ya kadi ni baiti nne. Nilikuwa natafuta lori la kubebea kiberiti.

Ikabaki UART, ile niliyoikataa ndani ya dakika kumi za kwanza.

Kabla ya kununua moduli ya pili nilifanya kitu cha busara kwa mara ya kwanza: nilikaa wiki mbili bila kugusa chochote. Kisha nikanunua moduli, pamoja na kile kiadapta kidogo cha kuunganisha UART na USB cha shilingi 8,000. Kiadapta hiki kingenisaidia tangu mwanzo. Nikaweka swichi zote sifuri, nikaunganisha moduli moja kwa moja na kompyuta bila Uno wala mikrokontrola (ubongo wa aina hiyo) yoyote katikati, nikafungua programu ya kutuma baiti kwa kasi ya 115200. Nikatuma 55 55 na sifuri kadhaa kuiamsha, kisha 00 00 FF 02 FE D4 02 2A 00, yaani "wewe ni nani?" Ikajibu kwanza 00 00 FF 00 FF 00, "nimesikia", halafu 00 00 FF 06 FA D5 03 32 01 06 07 E8 00. Ile 32 ndiyo inasema ni PN532, na 01 06 ni toleo 1.6.

Sijui nikueleze vipi raha ya kuona mstari ule. Kwa miezi mitatu nilikuwa nakisia moduli inasema nini. Sasa nilikuwa naisikia. Na hii, kwa maoni yangu, ni sifa ya UART isiyotajwa vya kutosha: unaweza kukaa katikati ya mazungumzo na kifaa cha bei ya chakula cha mchana, ukajua nani hajajibu. Nikaunganisha na ile kebo ya mita sita, nikatuma swali lile lile mara mia mbili. Majibu mia mbili.

Uno sasa ikawa kikwazo. Nilijaribu kutumia pini 0 na 1, na kila nikipakia programu inagoma, kwa sababu moduli na kompyuta zinaongea kwenye waya mmoja kwa pamoja. Ikabidi nichomoe moduli kila mara. Nikajaribu ile UART ya kuigiza kwa programu kwenye pini nyingine, lakini kwa kasi ya 115200 Uno haiwahi, inapokea herufi zilizokatwa mikia. Nikakubali kushindwa, nikanunua ESP32, bodi nyingine ya kuwa ubongo, kwa shilingi 26,000. Ina UART tatu za kweli. Ya kwanza ni ya kompyuta, usiiguse. Ya pili, pini zake za kawaida zinagongana na kumbukumbu ya ndani, mpaka uzihamishe. Ya tatu iko pini 16 na 17, hiyo ndiyo niliyotumia. Angalia tu aina ya bodi yako: zile zenye moduli ya WROVER zinatumia 16 na 17 kwa kazi nyingine.

ESP32 ni ya volti 3.3 na haipendi 5. Safari hii nilipima kwanza. Uzuri wa UART ni kwamba waya ukiwa umetulia unakaa juu, kwa hiyo mita ya kawaida inatosha. Nilipoipa moduli volti 5, waya wake wa kutuma ulisoma karibu na 5. Nikaweka rezista mbili, ya kilo-omu 1 na ya 2, kugawanya hiyo 5 iwe 3.3. Hesabu ya darasani, dakika tano. Ningeifanya mwezi wa pili ningeokoa moduli.

Kwenye kebo, waya wa kutuma ukasokotana na ardhi, wa kupokea ukasokotana na ardhi nyingine, umeme ukapewa jozi yake. Upande wa moduli nikaweka kapasita ya mikrofaradi 100 kwa sababu antena inaponguruma inameza umeme kwa kishindo. Kwenye valvu nikaweka dayodi kinyume, 1N4007, inayomeza teke la umeme valvu inapozimwa. Hiyo nayo ilipaswa iwepo tangu siku ya kwanza. Programu haisubiri mtu tena. Moduli isipojibu kwa nusu sekunde, valvu inafungwa kwanza, maswali baadaye. Baiti ikiharibika njiani, hesabu ya mwisho wa ujumbe haikubali, ujumbe unatupwa, swali linaulizwa upya. Pampu inawaka mara tano kwa siku na koki haijui.

UART nayo ilinidai kitu. Waya zake ni za watu wawili tu, haikaribishi mgeni, kwa hiyo kiskrini kikapoteza usafiri. Kimerudi ndani ya boksi, sentimita kumi kutoka ESP32, kwenye I2C, na huko hakijawahi kukosea hata mara moja. Nje niliweka taa ya kijani, taa nyekundu na kifilimbi. Wateja hawakupenda, wanataka kuona salio. Dogo anawasomea. Nimejaribu kulitetea hilo kwa shangazi kama uamuzi wa kiufundi, hakunielewa na sidhani kama nilistahili kueleweka.

Salio lenyewe halikai kwenye kadi. Zile kadi nyeupe ni za aina ya MIFARE Classic, ulinzi wake ulivunjwa mwaka 2008 na namba yake inaweza kunakiliwa na mtu mwenye nia. Kadi inabeba namba tu, hesabu iko ndani ya boksi. Mtu akinakili kadi ya jirani atakunywa maji ya jirani, na jirani atapiga kelele, Chanika tunafahamiana.

Daftari langu linasema hivi. Jumla nimetumia shilingi 208,000 kwa vifaa, bila nauli. Katika hizo, 30,000 ni moduli iliyokufa na 28,000 ni Uno iliyoko kwenye droo ikisubiri kazi nyingine. Maji ya siku ile, 3,750, shangazi alikataa nimlipe, akasema yalikuwa sadaka. Miezi minne ya Jumamosi sijaiandikia bei.

Kama ningeanza upya leo, nisingefungua hata jedwali la swichi kabla ya kwenda kukaa pale kwenye koki na futi ya kupimia. Umbali gani, unapita wapi. Nani mwingine anatumia umeme huo. Upande mmoja volti ngapi na mwingine ngapi. Nikikosea nitajuaje, na mashine ikinyamaza nini kitabaki wazi. Ukishajibu hayo, zile lugha tatu zinajichagua zenyewe: ndani ya boksi I2C, haraka na karibu SPI, kupita juu ya mlango UART. Idadi ya waya inakuja mwisho kabisa, baada ya bei ya kebo.

Mwezi uliopita shangazi alinipigia. Ile mashine imempendeza, sasa anataka koki ya pili barabarani, kwenye geti, ili watu wasiingie uani. "Si unavuta tu waya, mwanangu?" Nikamwambia shikamoo, nitakuja Jumamosi. Geti liko mbali, hata UART yenyewe haitafika bila msaada. Nafikiria kuweka ESP32 ya pili pale pale getini, kando ya kisoma kadi, na kutuma namba tu hadi stoo kwa RS-485, njia iliyotengenezwa kwa waya mrefu, polepole, kwa kasi ya 9600. Nafikiria tu. Jumamosi nilikwenda na kamba, Dogo akashika ncha moja, tukaanza kupima kutoka stoo, tukizungukia mwembe kwa sababu shangazi hataki waya upite juu ya kaburi la babu. Mita thelathini na nne. Nikaandika, nikamwambia Dogo turudie.